Racheti ndogo ndiyo ya kutolea pesa

Chukua boksi la racheti katika duka lolote la vifaa vya gereji, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, usome yaliyoandikwa juu yake. Utaambiwa idadi ya meno kwa tarakimu kubwa: 45, 72 au 90. Utaambiwa chuma kimechanganywa na kromi na vanadi, kwa herufi CR-V. Utaambiwa ukubwa wa kichwa, robo inchi, 3/8 au nusu inchi, na mara nyingi utaahidiwa dhamana ya maisha. Kisichoandikwa ni kile ambacho fundi mzoefu hukipima kabla hajauliza bei. Hushika kichwa cha racheti kwa mkono mmoja, akazungusha kile kipande cha mraba kurudi nyuma kwa ncha ya kidole, akasikiliza. Anapima ukinzani wa kurudi, yaani nguvu ambayo racheti yenyewe inaidai pale mpini unaporudishwa kuanza mvuto mwingine. Maboksi yanaunyamazia ukinzani huo, nao ndio unaoeleza tofauti ya racheti ya bei ndogo na ya bei kubwa kuliko chuma kinavyoieleza. Mwenye kuuelewa atapanga manunuzi yake kinyume na mazoea: atatoa pesa kwenye racheti ndogo na kubana kwenye kubwa.

Ndani ya kichwa mna gia yenye meno kwa nje, na pembeni yake ulimi mfupi wa chuma unaosukumwa na springi. Mpini ukivutwa upande wa kazi, ulimi huganda kati ya meno, gia ikalazimika kugeuka pamoja na soketi. Mpini ukirudi, ulimi hupanda jino na kushuka, hupanda na kushuka, ndiyo ile sauti ya tiki-tiki inayojulikana na kila spana boi. Kila unapopanda, springi inaminywa na gia inasukumwa kidogo kwenda nyuma. Nati ikiwa ngumu, msukumo huo hauonekani, kwa kuwa nyuzi za bolti zimeikaba nati kwa nguvu kubwa zaidi. Nati ikishalegea kiasi cha kuzunguka kwa vidole, mambo yanageuka: ukinzani wa racheti unazidi ule wa nyuzi, na mpini ukirudi, nati inarudi nao. Unafungua robo mzunguko, unafunga robo mzunguko, bolti iko palepale. Hapo fundi huingiza mkono wa pili kuishika soketi isirudi. Na kama bolti iko nyuma ya alteneta, ambako mkono wa pili haupiti, huitoa racheti na kumalizia kwa ncha za vidole, tena kwenye injini ambayo bado ina moto. Springi iliyopimwa vizuri, meno yaliyokatwa safi na ulimi uliosuguliwa ukawa laini hupunguza mateso hayo hadi yasahaulike. Grisi nayo ina neno lake: racheti nzuri ikijazwa grisi nzito ya beringi hugeuka nzito kama ya bei poa, na vumbi likichanganyika na grisi hiyo hufanya kazi hiyohiyo polepole.

Wenye viwanda hupenda kushindana kwa meno, na hesabu yao ina ukweli mpaka mahali fulani. Racheti ya meno 24 inataka mpini usogee digrii 15 kabla ya ulimi kushika jino linalofuata. Kwenye mpini wa sentimita 25, hizo ni sentimita 6.5 za nafasi. Meno 45 yanataka digrii 8, sawa na sentimita 3.5, meno 72 yanataka digrii 5, sawa na sentimita 2.2, meno 90 yanataka digrii 4, chini kidogo ya sentimita 1.8. Kutoka 24 hadi 72 fundi ameokoa zaidi ya sentimita nne, na ndani ya boneti la gari dogo hizo zinaweza kumwepusha na kazi ya kufungua betri na sahani yake ili tu mpini upite. Kutoka 72 hadi 90 ameokoa chini ya nusu sentimita. Gearwrench, katika toleo lake la 120XP, imefikisha nafasi 120 kwa ndimi mbili zinazopokezana kwenye gia ya meno 60. Ubunifu huo ni mzuri, lakini faida yake juu ya meno 90 ni digrii moja. Tena kichwa kikiwa na mchezo, kile kipande cha mraba kikatikisika digrii mbili au tatu kabla hakijashika, meno yote yale ya kwenye boksi yameliwa kabla kazi haijaanza. Mchezo huo nao hauandikwi popote.

Sasa tazama ukubwa. Racheti ya robo inchi na ya 3/8 ndizo zinazofungua bolti nyembamba za milimita sita na nane: kava la vali, sampo, pampu ya maji, mabano ya waya. Bolti hizi zikishalegea hazina nguvu ya kuukataa ukinzani wa kurudi, na karibu zote zimejificha mahali pa mkono mmoja. Racheti ya nusu inchi hushughulikia nati za magurudumu na bolti za chini ya gari, ambako nyuzi ni nene na nafasi ipo; nati ikilegea, mkono unaifikia. Kwa hiyo ulaini wa ndani, ambao ndio unaogharimu pesa kuutengeneza, una thamani kubwa kwenye racheti ndogo na thamani ndogo kwenye kubwa. Mazoea ya wengi ni kinyume: pesa nyingi huenda kwenye ile ya nusu inchi kwa sababu ndiyo ya kazi nzito, na ile ndogo huchukuliwa yoyote iliyomo kwenye seti.

Pingamizi la kwanza ni la nguvu: racheti kubwa ya bei ndogo si itavunjika? Viwango vya kimataifa vinadai racheti ya nusu inchi ihimili nyutoni-mita 512 katika jaribio, zaidi kidogo ya kilo 100 zilizoning'inizwa kwenye ncha ya mpini wa nusu mita. Nati ya gurudumu la Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Racheti inayotimiza kiwango ina akiba ya karibu mara tano, na kutimiza kiwango hakuhitaji jina kubwa. Kinachozivunja ni bomba linalochomekwa kwenye mpini ili kuikomoa nati iliyoshikana kwa kutu, na mbele ya bomba la mita moja hata racheti ya bei kubwa haina ulinzi. Kazi hiyo ni ya mpini mrefu usio na meno wala ulimi, chombo cha bei ndogo ambacho hakina cha kuvunjika ndani. Fundi mwenye mpini huo ameshapunguza sababu kubwa ya kutafuta racheti kubwa ya bei kubwa.

Pingamizi la pili ni kwamba jina kubwa ndilo linaloleta ubunifu, kwa hiyo linastahili bei yake. Mwaka 1963 Peter Roberts, karani wa miaka 18 katika duka la Sears nchini Marekani, alianza kuunda racheti yenye kitufe cha kuachia soketi kwa kidole kimoja. Hataza ilitolewa mwaka 1965. Sears ilimlipa senti mbili kwa kila racheti, mwisho dola 10,000, kisha ikauza zaidi ya milioni 19 katika muda wa miaka kumi hivi, nyingi kwa nyongeza ya dola moja hadi mbili, kwa kuwa washindani hawakuwa na kitu cha kulingana nayo. Roberts alikwenda mahakamani akidai alifichwa thamani ya alichokiuza, na mwaka 1977 jopo la mahakama likaamua alipwe dola milioni moja. Kesi iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Leo kitufe hicho kimo hata kwenye racheti za bei ya chini kabisa. Meno mengi yamefuata njia hiyohiyo: 72 yalikuwa fahari, sasa ni kawaida. Kila kinachoweza kuonekana na kuhesabiwa huigwa baada ya muda, na bei yake hushuka. Kinachochelewa kuigwa ni kile kinachohitaji vipimo vya makini ndani ya kichwa, ambacho mnunuzi hakioni.

Halafu kuna sehemu ya bei isiyohusiana na chuma hata kidogo. Racheti ya Snap-on ya 3/8 huvuka dola 100 kwao Marekani. Ya Gearwrench yenye meno 90 hupatikana kwa chini ya nusu ya hapo, na za chapa ya Pittsburgh ya maduka ya Harbor Freight kwa chini zaidi. Snap-on, iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1920, huuza kwa magari ya mawakala yanayofika mlangoni mwa gereji kwa ratiba, hukopesha, na hubadilisha matumbo ya racheti papo hapo. Fundi wa Ohio anapolipa bei ile, ananunua pia gari, mkopo na muda usiopotea, na huenda ananunua kwa busara. Gari hilo halipiti Gerezani. Anayeletewa racheti hiyo kwenye begi la ndugu analipia huduma ambayo haitamfikia, na dhamana ya maisha inayodaiwa ng'ambo ya bahari ni karatasi tu. Kwake yeye, Koken ya Japani au Hazet ya Ujerumani iliyotumika, ikizunguka laini, ni ununuzi bora kuliko jina lenye dhamana isiyofikika.

Litabaki lile la wahenga wa gereji kwamba cha rahisi ni ghali, na kwa racheti ndogo wana haki kabisa. Herufi CR-V si cheti, yeyote mwenye muhuri anaweza kuzigonga kwenye chuma chochote. Lakini kinga dhidi ya feki haitoki kwenye bei, kwa kuwa feki nayo huuzwa kwa bei ya jina inaloiga. Inatoka kwenye bolti moja na nati yake inayozunguka kwa urahisi, mtu akaenda nazo dukani. Funga nati kwa racheti bila kuishika soketi. Ikisonga mbele, mazungumzo ya bei yaanze. Ikirudi na mpini, irudishe kwenye boksi lake.

Maswali mawili hayajajibiwa na yeyote dukani. Gia, ulimi na springi ndivyo vinavyochakaa, na kampuni kadhaa huviuza kama seti ya matengenezo. Kwa nini wanaoingiza racheti nzima kwa makontena hawaweki na seti hizo? Na kwa kuwa fundi wetu hulipwa kwa mapatano ya kazi na si kwa saa, kila dakika inayoliwa na racheti mbovu inatoka mfukoni mwake, si mwa mwenye gari. Anayeumia zaidi ni kijana anayeanza, ambaye pesa yake inatosha ile tu inayodai ustadi ambao bado hana. Nani, kati ya mwenye gereji, chuo cha ufundi na mwenye duka, anapaswa kumkabidhi racheti ndogo nzuri siku yake ya kwanza?