Kwa Nini Nyanya Hupasuka

Nyanya inayokaribia kuiva ni maji kwa kiasi cha asilimia 94 hivi, na maji yote hayo yameshikiliwa na ngozi nyembamba sana: safu moja ya seli za nje, utando wa nta juu yake, na chini yake safu chache za seli zenye kuta nene kidogo. Jani lina vitundu vya kutolea mvuke. Ngozi ya nyanya haina. Maji yakishaingia kupitia kikonyo hayana njia pana ya kutokea. Yakija mengi kwa mkupuo, tunda hulazimika kutanuka, na ngozi isipoweza kufuata huchanika.

Katika wiki mbili za mwanzo baada ya ua kuchavushwa, seli za tunda changa hugawanyika kwa kasi. Baada ya hapo idadi yake haiongezeki sana. Tunda hunenepa kwa sababu seli zilezile zinajaa sukari, na sukari huvuta maji. Ukubwa wenyewe una gharama yake. Kwa shinikizo lilelile na ngozi ya unene uleule, tunda lenye kipenyo maradufu hubeba mkazo maradufu kwenye ngozi. Ndiyo sababu nyanya kubwa zenye mabega mapana huongoza kwa kupasuka.

Wakulima wengi huilaumu mvua, na ni kweli kwamba nyufa huonekana asubuhi ya pili baada ya mvua kubwa. Lakini mvua humalizia tu kazi iliyoanzishwa na ukame. Mmea ukikaa na kiu, tunda hupunguza kasi ya kukua, ngozi yake hukomaa na kukakamaa, huku sukari ikiendelea kujilimbikiza ndani. Mvua ikishuka, au mkulima akifungulia maji shambani baada ya siku nyingi za ukavu, mizizi hunywa kwa pupa. Usiku ndio wakati mbaya zaidi: majani hayatoi mvuke mwingi, hivyo maji yanayosukumwa na mizizi huishia kwenye matunda. Maji yanayotuama kwenye kishimo cha kikonyo nayo hunywewa taratibu na kovu lililopo hapo.

Nyufa zenyewe ni za aina mbili. Za kwanza huzunguka bega la tunda kama pete, na mara nyingi huanza tunda likiwa bado la kijani. Hizi huweza kupona: seli zilizo wazi hujifunika kwa tabaka gumu la kahawia, likabaki kovu tu. Za pili hushuka kutoka kwenye kikonyo kuelekea kitakoni, na huja zaidi tunda linapogeuka rangi. Hizi huzama hadi kwenye nyama na haziponi.

Ufa wa aina ya pili huchelewa hivyo kwa sababu kuiva kwenyewe ni kulegea. Kuta za seli zimegandishwa pamoja na pektini, na tunda linapoiva vimeng'enya huanza kuimeng'enya. Mwaka 1994 kampuni ya Calgene ya Marekani ilianza kuuza nyanya ya Flavr Savr, ambayo kimeng'enya kikuu cha kuvunja pektini, poligalakturonasi, kilikuwa kimedhibitiwa kwa uhandisi wa jeni. Ililainika karibu kama nyingine, kwa kuwa kimeng'enya hicho hakifanyi kazi peke yake. Protini ziitwazo ekspansini nazo hulegeza kuta, na watafiti waliozima vyote viwili kwa pamoja walipata nyanya ngumu zaidi zisizopasuka ovyo.

Kalsiamu hufunga nyuzi za pektini, lakini husafiri na maji yanayovutwa na majani, kwa hiyo tunda lisilotoa mvuke hupata mgawo mdogo. Dawa za kalsiamu za kupulizia husaidia zinapofika kwenye tunda lenyewe, ila wauzaji huzisifia kupita kiasi. Maji ya kipimo kimoja, kwa matone au chini ya matandazo, hufanya kazi kubwa kuliko chupa hizo. Mbegu nayo ina sauti: Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1997, zina ngozi ngumu kuliko aina ya Money Maker.

Baada ya kuvuna, kisa hubadilika, kwa kuwa kikonyo kimekatwa. Nyanya ghalani hupasuka zaidi kwa uzito wa zilizo juu yake kwenye tenga, au kwa kutolewa baridini na kulowa umande wa joto la nje. Matunda mengine nayo yana visa vyao. Tikiti maji likivunwa alfajiri, likiwa limejaa maji ya usiku, laweza kuchanika kwa kuguswa tu na kisu. Wavunaji wazoefu husubiri jua lipande. Ndizi hupasuliwa na sukari yake yenyewe: wanga wa nyama ukigeuka sukari, nyama huvuta maji kutoka kwenye ganda na kuvimba, na katika chumba cha kuivishia chenye joto na unyevu mwingi mno ganda lililolegea huachia.

Ufa wa nyanya ukishakuwa wazi, kuvu huingia, hasa ile inayoacha harufu ya uchachu, na nzi hufuata. Nyanya ya kovu kavu inaweza kusafirishwa; yenye ufa mbichi hutengwa na kupikwa siku hiyohiyo, maana majimaji yake huambukiza tenga zima.