Cha Asili na Kisicho cha Asili: Mfano wa Ziwa Victoria

Kukiita kitu cha asili ni kusema jambo lisilojitosheleza, kwa kuwa kauli hiyo hubeba maana kadhaa kwa pamoja. Huweza kumaanisha kwamba kitu hicho hakikutengenezwa na binadamu. Kwamba ni mwenyeji wa mahali hapo tangu zamani. Kwamba ndivyo wengi wa aina yake walivyo. Au kwamba ni salama na kinafaa. Msemaji huwa na maana moja akilini, na msikilizaji huenda akachukua nyingine. Ziwa Victoria, hasa upande wa Mwanza, linaonyesha jinsi maana hizo zinavyoachana.

Wanunuzi wa samaki jijini Mwanza hutofautisha sato wa ziwani na sato wa vizimba, na wa ziwani ndiye huhesabiwa kuwa wa asili. Kwa maana ya kwanza hesabu hiyo ni sahihi: hakuna aliyemlisha. Kwa maana ya pili si sahihi. Sato anayeuzwa kwa wingi leo ni perege wa Mto Nile, Oreochromis niloticus, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, wakati perege wenyeji, ngege na mbiru, walikuwa wamekwisha kupungua kwa uvuvi wa nyavu za makila. Sato wa ziwani na wa kizimbani ni ukoo mmoja wa wageni. Kinachowatenganisha ni malezi. Hata ugali wa muhogo anaoliwa nao umetokana na zao lililoletwa kutoka Amerika ya Kusini, ambalo sasa ni chakula cha jadi Kanda ya Ziwa. Kuliita la jadi si kosa. Uenyeji hupimwa kwa muda, na hakuna mwaka mmoja wa kuanzia kuhesabu uliokubaliwa na wote. Ziwa lenyewe lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, likajaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita.

Ndani ya maji hayo mapya walistawi furu, samaki wadogo wa rangi nyingi, hadi wakafikia jamii zipatazo 500. Karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakishirikiana na Watanzania, walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza, wakati furu walikuwa bado sehemu kubwa kabisa ya samaki wa ghuba hiyo. Sangara, aliyepandikizwa upande wa Uganda na Kenya katika miaka ya 1950 na 1960, alikuwa bado adimu huko. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na kabla ya muongo kwisha nyavu za utafiti zilikuwa zikitoka karibu bila furu. Inakadiriwa kwamba jamii zipatazo 200 zilitoweka.

Wengi hufikia uamuzi upesi: sangara si wa asili, kwa hiyo ni mbaya. Hoja hiyo inaruka hatua. Sangara hafanyi Mwanza jambo asilolifanya katika Mto Nile. Anakula samaki wadogo, kama ilivyo tabia yake. Kilichofanywa na watu ni kumhamisha. Hasara iliyotokea ni kubwa na ya kuhuzunisha, lakini uzito wake unatokana na jamii zilizopotea, wala hautokani na ugeni wa aliyezila. Ugeni peke yake ungemtia hatiani hata muhogo. Tena sangara huyo huyo amejenga viwanda vya minofu jijini na kulisha familia nyingi za visiwani, na sheria za uvuvi sasa zinamlinda: kumvua akiwa chini ya sentimeta 50 ni kosa.

Wala sangara hakufanya yote. Mbolea, udongo na maji machafu yanayoingia ziwani yamestawisha mwani na kuyafanya maji kuwa na ukungu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba majike wa furu huchagua dume kwa rangi yake, na maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani vizuri, hivyo jamii zilizokuwa mbalimbali huchanganyika. Kuchagua mwenzi ni tendo la maumbile, ukungu ni kazi ya watu, na matokeo hayawezi kugawanywa katika mafungu hayo mawili.

Gugu maji, lililotoka Amerika ya Kusini na kuziba mialo katika miaka ya 1990, linaonyesha, kwa upande wa tiba, kwamba ugeni peke yake si ubaya. Miongoni mwa vilivyotumika kulipunguza ni fukusi wa Neochetina, nao wageni kutoka huko huko.

Maana ya nne, ya usalama, haihitaji maelezo marefu. Kichocho ni cha asili kabisa: konokono wake na minyoo yake havikutengenezwa na mtu yeyote, nacho huharibu ini na matumbo ya watu wanaooga na kuchota maji ufukweni.

Maana ya tatu, ya kufanana na wengi, ndiyo iliyoleta msiba mkubwa kuliko zote. Tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wakidhaniwa si binadamu kama wengine. Ualbino hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao mara nyingi wana ngozi nyeusi, na hutokea katika mataifa yote ya watu. Ni hali ya nadra, na unadra hauondoi uasili. Kinachowadhuru ngozi ni jua, kitu cha asili. Kinachowakinga ni kofia pana na mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa na watu, yakiwamo yanayotengenezwa mjini Moshi.

Baadhi ya furu wamerudi. Haplochromis pyrrhocephalus alikaribia kutoweka katika Ghuba ya Mwanza, kisha akaongezeka tena kuanzia miaka ya 1990. Waliopimwa baadaye walikuwa na matamvua makubwa kuliko ya vielelezo vilivyohifadhiwa tangu miaka ya 1970, badiliko linalolingana na maji yenye oksijeni kidogo, na chakula chao pia kilikuwa kimebadilika. Hakuna mtu aliyewaunda hivyo, ingawa hali iliyowabadilisha imetokana na watu. Kwa hiyo anayepanga kuwahifadhi kwa jina la asili analazimika kusema kwanza analinda nini: ukoo wao, umbo walilokuwa nalo mwaka 1977, au uwezo wao wa kuendelea kubadilika.