Jina la Mwenda

Nenda Bunkeya, katika teritwari ya Lubudi huko Kongo, tarehe 20 Desemba, Bayeke wanapomkumbuka mfalme wao Msiri. Nyumbani na sokoni wengi wao husema Kisanga na Kiswahili. Mbele ya Mwami, yaani mfalme wao wa leo, wanaimba Kiyeke, na kijana asiyeweza kuomba maji kwa lugha hiyo anaitoa mdomoni ubeti baada ya ubeti.

Lugha yenyewe ilikuja kwa miguu. Kalasa, baba yake Msiri, alikuwa Msumbwa kutoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, akifuata shaba ya Katanga. Mwanawe huyo Msiri, jina lake Ngelengwa Mwenda, hakurudi. Alioa kila upande, akatawala, na biashara yake ya shaba na pembe za ndovu ikafika pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson, wa msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs, alimpiga risasi akamuua. Bodson naye akapigwa, akafa. Utawala ulipita mikononi mwa Wazungu, lakini nyimbo zilibaki Bunkeya, maana Mwami hakosi watu wa kumtajia baba zake. Mwaka 1967 Mwami Antoine Mwenda Munongo alizichapisha.

Bunkeya ilizaa Mwenda mwingine, Jean Bosco, wa gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo, alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akipiga "Masanga": kidole gumba kinatembea chini kwenye besi, cha shahada kinacheza juu, ungedhani wako wawili. Wapo wanaoziita nyimbo hizo za starehe tu, za mjini, zisizohusu mila. Mimi sikubali. Mtu aliyejiita Mwenda wa Bayeke, akibeba jina la mfalme hadi Nairobi, alikuwa akifanya kazi ileile ya waimbaji wa Mwami: kutaja ukoo mbele ya watu. Tofauti ni kwamba yeye alitumia Kiswahili, nao wasikilizaji wake walikuwa wafanyakazi waliotoka makabila mengi.

Jean Bosco alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari Zambia. Nyimbo za Mwami, ambazo ni kongwe zaidi, zina siku yao kila mwaka, na mtoto anazikuta zikiimbwa. "Masanga" haina siku. Mwingereza John Low alifunga safari hadi Lubumbashi mwaka 1979 kumfuata Jean Bosco alipokuwa hai, akakaa akitazama vidole vyake. Leo anayetaka kujifunza kuipiga, hata akiwa mjukuu wa Bunkeya, huanzia kwenye rekodi ya Tracey.