Roma, Mji Uliowageuza Maadui Kuwa Raia

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 22, Paulo yuko Yerusalemu mikononi mwa askari wa Kirumi. Wamekwisha kumfunga kwa kanda za ngozi, na mjeledi uko tayari. Anamuuliza akida aliyesimama karibu kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Akida anakwenda mbio kumwarifu jemadari. Jemadari anafika mwenyewe na kukiri kwamba yeye uraia aliupata kwa fedha nyingi. Paulo anamjibu kuwa yeye alizaliwa nao. Mjeledi unawekwa chini, na jemadari anaingiwa na hofu kwa kuwa amekwisha kumtia kamba raia wa Roma.

Paulo alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Tarso, mji ulioko Uturuki ya leo. Barua zake aliziandika kwa Kigiriki, na siku ile alikuwa hajawahi kukanyaga Roma. Aliitwaje basi Mrumi? Ukilijibu swali hilo umekwisha kuielewa nusu ya historia ya Roma. Wafalme wa kale waliojua kushinda vita walikuwa wengi. Waliojua la kufanya na walioshindwa walikuwa wachache.

Mapokeo ya Warumi yanasema mji wao ulianzishwa mwaka 753 KK. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kwenye kilima cha Palatino mashimo ya nguzo za vibanda, karibu na kivuko cha mto Tiber na njia ya wafanyabiashara wa chumvi. Kilikuwa kijiji kama vijiji vingine. Mwaka 509 KK, kwa mapokeo hayohayo, wakamfukuza mfalme na kuweka makonsuli wawili. Kila mmoja alitawala mwaka mmoja tu, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 338 KK. Majirani zao Walatini walikuwa wameasi na kushindwa. Desturi ya zama hizo ilikuwa kuuchoma mji uliotekwa na kuuza watu wake utumwani, na Roma yenyewe ilifanya hivyo mara nyingi. Safari hii ilikaa na kila mji peke yake. Mingine ilipewa uraia kamili, mingine uraia bila haki ya kura, mingine ikabaki kuwa washirika. Washirika hawakutozwa kodi ya fedha. Walidaiwa askari, na askari hao walipopigana upande wa Roma walipata fungu lao la ngawira. Adui wa jana akawa na sababu ya kuiombea Roma ushindi.

Mpango huo ulipimwa Agosti 216 KK, huko Cannae, kusini mwa Italia. Hannibal, jemadari wa Carthage, dola hasimu ya Afrika Kaskazini, aliliacha jeshi la Roma lisonge katikati ya safu zake, kisha akalizingira pande zote. Kwa siku moja waliuawa Warumi na washirika wao wapatao 50,000. Dola nyingine ingeomba amani. Baadhi ya miji ya kusini, hasa Capua, iliihama Roma, lakini miji ya Kilatini na Italia ya kati ilibaki upande wake. Roma ikaandikisha askari wapya, ikapoteza, ikaandikisha tena, hadi mwaka 202 KK ilipomshinda Hannibal kule Zama, katika Tunisia ya leo. Hannibal alikuwa jemadari bora kuliko waliomkabili, ila nyuma yake hapakuwa na watu wa kutosha.

Kama walivyopokea watu, ndivyo walivyopokea maarifa. Alfabeti waliipata kwa Waetruski, ambao nao waliitoa kwa Wagiriki. Upanga wao mfupi waliuiga Hispania. Mwanahistoria Polybius anaeleza kwamba merikebu ya kivita ya Carthage ilikwama ufuoni, Warumi wakaikamata na kuunda zao kwa kuifuatisha. Hawakuona haya kujifunza kwa adui.

Tusiwavike kilemba cha wema, hata hivyo. Mwaka 71 KK, uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipozimwa, mateka 6,000 walisulubiwa kando ya barabara ya Via Appia, kutoka Capua hadi Roma. Barabara hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 312 KK, ilipitisha majeshi, mizigo na barua, na siku hizo ilipambwa kwa misalaba. Mkono uliotoa uraia ndio uliokamata nyundo na misumari.

Lakini mlango haukufungwa. Mwaka 193 BK Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikalia kiti cha ukaisari. Mwanawe Caracalla alitangaza mwaka 212 kwamba karibu watu wote huru wa dola ni raia wa Roma. Cassius Dio, seneta aliyeishi wakati huo, anasema Kaisari alitaka kupanua kodi. Vyovyote iwavyo, kuanzia hapo mkulima wa Misri na fundi wa Uingereza walikuwa Warumi mbele ya sheria.

Sheria hiyo iliishi kuliko dola. Kaisari wa mwisho wa magharibi aliondolewa mwaka 476, na sehemu ya mashariki ikadumu hadi 1453. Huko mashariki, katika mji wa Konstantinopoli, Kaisari Justinian aliamuru sheria za karne nyingi zikusanywe na kupangwa, kazi iliyotangazwa kati ya 529 na 534. Wanasheria wa Ulaya walizisoma upya, Ufaransa ikazitumia kutunga sheria yake ya kiraia ya mwaka 1804, Ubelgiji ikairithi, kisha ikaileta Kongo, Rwanda na Burundi. Mtu anayeandika mkataba Lubumbashi leo anatumia mawazo yaliyopita njia hiyo ndefu.

Sisi wengine tunaitamka Roma bila kujua. Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba ni saba, nane, tisa na kumi za Kilatini, kwa kuwa mwaka wao wa zamani ulianza Machi. Julai ni Julius Caesar, Agosti ni Kaisari Augusto. Sabuni, dinari, kandili na kasri ni maneno tuliyoyapokea kwa Waarabu, lakini safari yake inarudi nyuma hadi Kilatini. Hata neno sirati, yaani njia, wanaisimu wengi hulifuatilia hadi jina la Kilatini la barabara iliyosakafiwa mawe, na Imamu Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliwanukuu wanazuoni waliosema kuwa asili yake ni lugha ya Warumi.

Tumalizie kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nchini Kenya mifuko mingi ya saruji imeandikwa kuwa ina pozolana, yaani majivu ya volkano au kitu chenye tabia kama hiyo. Warumi waliyachanganya majivu hayo na chokaa wakapata zege linaloganda hata chini ya maji. Kwa zege lao walijenga kuba la Pantheon lenye upana wa mita 43, na hadi leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi ukubwa. Jina pozolana limetokana na Pozzuoli, bandari iliyo karibu na Napoli. Zamani iliitwa Puteoli, na ndipo Paulo alipoteremka melini akipelekwa kwa Kaisari, baada ya kutumia haki yake ya uraia kukata rufaa. Kutoka hapo alishika Via Appia kuelekea Roma. Ukinunua mfuko huo, soma maandishi yake kabla hujaufungua.