Kuketi Pamoja Nao



Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika chuo kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wengine walikuwa katika maombi ya asubuhi. Habari ya namna hiyo haiishii pale ilipotokea. Huingia katika kila shule, na mtoto aliye mbali hujiuliza, “Je, kesho ni sisi?”

Basi, sisi watu wa kanisa tufanye nini shule ya kwetu ikishikwa na hofu?

Tuwakumbuke rafiki za Ayubu. Walipouona msiba wake waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walikosea walipoanza kumweleza kwa nini yamempata. Nasi twaharakisha kusema, “Ni mapenzi ya Mungu,” au, “Usilie.” Mtoto asikiaye hayo hunyamaza, lakini hofu hubaki ndani.

Heri tuketi karibu naye na kumsikiliza. Akiuliza, tumwambie kweli kwa maneno machache yanayofaa umri wake. Asipotaka kusimulia, tusimlazimishe. Tena tuzime redio inaporudia habari ile ile, maana mtoto mdogo aweza kudhani jambo limetokea tena.

Huenda akaota vibaya, akakojoa kitandani, akashtuka mlango ukibamizwa, au akakataa kwenda shule. Huo si utundu, wala fimbo haiuponyi. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, naye akalala tena. Ndipo baadaye Mungu akasema naye. Kwa hiyo chakula, usingizi, michezo, na kengele ya shule inayolia kwa saa yake, vyote ni dawa. Ikiwa mwezi umepita na mtoto hajatulia, tumpeleke hospitali au kwa mshauri. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Tusiwasahau walimu. Wao hufuta machozi ya watoto. Yao ni nani ayafutaye? Tuwatembelee, tuwaulize habari zao wenyewe.

Mwisho, tusiondoke mapema. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, lakini kufunguliwa kwa milango si mwisho wa huzuni. Matanga huisha, na kiti kitupu hubaki darasani. Kila mwaka tarehe ile irudipo, jeraha huamka. Siku hiyo, watu wengine wakiwa wamekwisha kusahau, sisi na tubishe hodi.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemlilia Lazaro, utufundishe kuketi pamoja na wanaolia, wala tusichoke. Amina.