Marufuku ya Shisha: Ni Haki au Ni Uonevu?

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Methali hii ndiyo iliyonisukuma kuishika kalamu. Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo, na hoja ilisema kwamba serikali haina haki ya kupiga marufuku shisha ilhali sigara inauzwa peupe. Mimi nilikuwa upande wa upinzani. Karibu na mwisho, msemaji mmoja wa upande wa pili alisimama akauliza, "Kama ni afya tu, mbona sigara imeachwa?" Kengele ililia kabla swali hilo halijajibiwa. Nimelitafutia jibu, na leo naomba niwaeleze nilichokipata.

Kwanza tuelewe shisha ni kitu gani, kwani wengi hudhani ni moshi wa matunda. La hasha! Shisha ni tumbaku iliyochanganywa na asali au sukari na kutiwa ladha ya tufaha, zabibu au mnanaa. Huwekwa juu ya chombo kirefu chenye maji chini, ikafunikwa, kisha makaa ya moto yakawekwa juu yake. Mvutaji huvuta kwa mrija, moshi ukapita ndani ya maji ukibubujika. Wazee wetu wa pwani walikijua kiko cha maji tangu zamani, kwa hivyo jambo lenyewe si geni kabisa. Kilicho kigeni ni zile ladha tamu na yale mabaa ya vijana.

Watu husema eti maji huchuja sumu. Maji huupoza moshi tu. Nikotini, yaani ile kitu inayomfanya mtu awe mtumwa wa tumbaku, inapita. Pamoja nayo hupita lami na gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu akikaa na shisha kwa muda wa saa moja anaweza kuvuta moshi mwingi mara 100 au zaidi kuliko moshi wa sigara moja. Kwa sababu moshi umepozwa na una harufu nzuri, haukerezi koo, basi mtu huvuta kwa nguvu na kwa muda mrefu. Tena mrija mmoja huzungushwa midomo mitano, na ugonjwa kama kifua kikuu hauhitaji mwaliko zaidi ya huo.

Sasa tuje kwenye sheria. Mnamo Desemba 2017, Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Cleopa Mailu, alitoa kanuni zilizokataza kuingiza shisha nchini, kuitengeneza, kuiuza, kuitangaza na kuivuta. Kenya haikuwa peke yake. Tanzania ilikuwa imeikataza mwaka wa 2016, Rwanda iliikataza Desemba hiyo hiyo ya 2017, na Uganda ilikuwa imeiweka katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka wa 2015. Kwa hivyo wale wanaosema Kenya ilikurupuka tu usingizini, hawajatazama majirani.

Walakini, wanaopinga marufuku hii wana hoja, na hoja zao si za kudharauliwa. Wa kwanza husema mtu mzima ana uhuru wa mwili wake. Akitaka kuuharibu, hiyo ni shauri yake. Wa pili hutaja riziki. Binamu yangu alikuwa akifanya kazi katika baa moja mjini, kazi yake ikiwa kupuliza makaa na kuwabadilishia wateja. Marufuku ilipokuja, mwenye baa aligeuza biashara akauza nyama choma, binamu akarudi nyumbani mikono mitupu. Nilipomwuliza kama ile sheria ilimwonea, alinijibu hivi: "Ndugu yangu, kazi niliilia. Lakini kile kikohozi cha usiku sikukililia." Kumbe yeye hakuwa mvutaji hata siku moja! Alikuwa akiupuliza moto wa wenzake na kuvuta moshi wao kuanzia saa mbili ya usiku hadi alfajiri.

Maneno ya binamu ndiyo yanayonifanya niikatae hoja ile ya uhuru wa mwili. Moshi hauna ukuta. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, na zaidi ya milioni 1 kati yao ni watu ambao hawakuvuta, bali walikaa karibu na wavutaji. Tena uhuru ni wa mtu anayeweza kusema "leo naacha" na akaacha. Nikotini inamnyang'anya mtu uhuru huo huo anaoutetea. Na inamnyang'anya mapema, kwa maana wavutaji wengi huanza wakiwa na umri kama wetu huu, kabla hawajapata hata kitambulisho.

Tukirudi kwenye lile swali, mbona sigara ikaachwa? Jibu langu lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Sigara imekaa nchini miaka mingi. Ina mamilioni ya watu walioizoea, ina wakulima wa tumbaku kule Migori na Busia wanaolipia karo kwa majani hayo, na ina ushuru unaoingia hazina ya serikali. Ukiifunga ghafla, wavutaji hawataacha kwa siku moja, na biashara itahamia gizani kwa walanguzi. Shisha ilikuwa bado mche. Mche hung'olewa kwa mkono mmoja. Mbuyu unahitaji shoka na subira. Hata huko Migori subira hiyo imeanza: tangu mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yamekuwa yakiwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma.

Sehemu ya pili ni kwamba sigara haikuachwa kabisa. Ilizungushiwa ua. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, inakataza kuvuta mahali pa umma, na inakataza matangazo. Inakataza hata peremende zilizotengenezwa kwa umbo la sigara! Na inasema sigara ziuzwe katika pakiti isiyopungua sigara 10. Kisha zikaja kanuni za mwaka wa 2014 zilizotaka picha za kutisha za magonjwa ziwekwe juu ya pakiti. Kampuni ya sigara ilizipinga kanuni hizo kortini mahakama baada ya mahakama, mpaka Mahakama ya Juu ikatupa rufaa yake mnamo Novemba 2019.

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo mambo yananiuma. Sisi wa shule ya kutwa hupita vibanda mara mbili kila siku. Tazameni mnapopita. Utaona mkebe wa peremende, pembeni yake pakiti ya sigara iliyofunguliwa, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi juu ya nguzo ili kila mteja awashe fegi yake hapo hapo. Sigara moja moja. Mwanafunzi hahitaji pesa ya pakiti. Chenji ya nauli inatosha. Na ile picha ya mapafu yaliyooza, iliyopiganiwa mpaka Mahakama ya Juu, haimfikii, kwa sababu pakiti inabaki mkononi mwa mwenye kibanda! Namjua mwanafunzi wa kidato chetu, sitamtaja jina, aliyeanza kwa kununua moja siku ya Ijumaa. Sasa hawezi kumaliza vipindi vya asubuhi bila mikono kumtetemeka. Huyo hakuwahi kuiona shisha kwa macho yake.

Basi ukiniuliza dhuluma iko wapi, sitasema iko katika kuikataza shisha. Iko katika kuvamia baa huku kibanda kilicho hatua chache kutoka lango la shule kikiachwa. Sheria yapasa kuwa kama mvua, ikinyesha inyeshee wote.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilikiri kwa ajili ya haki. Hata sheria nzuri ikipitishwa kwa njia ya mkato huanguka. Wafanyabiashara wa shisha walikwenda Mahakama Kuu, na mnamo Julai 2018 mahakama ikakubaliana na marufuku, lakini ikaiagiza Wizara ya Afya ipeleke kanuni zile Bungeni katika muda wa miezi tisa. Mnamo Januari 2024, hakimu wa mahakama ya Shanzu, Mombasa, aliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa ajili ya shisha. Sababu yake ni kwamba agizo lile la miezi tisa halikutimizwa. Wengine walishangilia wakisema shisha imerudi, nao wanaopigana na dawa za kulevya wakang'aka kwamba marufuku ingali palepale. Raia wa kawaida akabaki njia panda. Mnaona? Haraka haraka haina baraka. Kufuata utaratibu si urembo wa mawakili; ndiyo mizizi ya sheria yenyewe. Wabunge wangalijadili, wangewasikia wenye mabaa, madaktari, na hata wapuliza makaa kama binamu yangu.

Na tusidhani vita vimekwisha. Siku hizi kuna vifuko vidogo vya nikotini ambavyo mtu huweka chini ya mdomo. Havina moshi wala harufu, na mwalimu akipita hajui lolote. Mwaka wa 2020 Wizara ya Afya ilisema kwamba kusajiliwa kwa vifuko hivyo kama dawa hakukufuata sheria. Ladha ni ile ile ya utamu, na mteja anayewindwa ni yule yule. Jina limebadilika, lakini chui ni mmoja.

Kwa maoni yangu, marufuku yoyote ya tumbaku tuipime kwa maswali matatu. Je, inamkinga yule asiyeweza kujikinga, kama mtoto na mfanyakazi? Je, imepitia njia halali? Je, inawagusa wakubwa na wadogo sawasawa? Marufuku ya shisha inapita swali la kwanza bila shaka. Katika swali la pili ilijikwaa. Swali la tatu hatujalipita, na hatutalipita mpaka ile pakiti iliyofunguliwa iondoke kando ya peremende.

Simaanishi tumvamie mama wa kibanda. Nilimwuliza yule wa njia yetu kwa heshima, "Mama, mbona unatuuzia sisi wanafunzi?" Akaniambia, "Mwanangu, nisipouza mimi atauza jirani, na wangu watalala njaa." Amesema kweli yake. Akibanwa peke yake ataonewa. Wakibanwa wote, pamoja na wanaowaletea mzigo, hakuna atakayempora mwenzake mteja. Hiyo ndiyo kazi ya serikali. Yetu sisi ni kutonunua, na kumshika mkono mwenzetu aliyekwisha kunaswa badala ya kumcheka. Mwalimu wa ushauri yupo na mlango wake haufungwi.

Nafasi niliyopewa na mhariri imekwisha, nami naishia hapa. Atakayekuwa na jibu lingine kwa lile swali la mdahalo, namkaribisha alilete chamani Alhamisi tulijadili.