Kupimwa kwa Gari la Shamba Kila Mwaka

Mkulima wa Trans Nzoia akiisha kuvuna mahindi, au yule wa Bungoma akiisha kukata miwa, kazi bado haijakwisha. Mazao yakiwa shambani hayana bei. Lazima yapakiwe garini yafike ghalani, sokoni au kiwandani. Na gari hilo, likiwa pikapu au lori, kila mwaka hapana budi lipelekwe likakaguliwe, ionekane kama linafaa kwenda barabarani. Wenye magari wengi walijua jambo hili, lakini hulikumbuka siku ile polisi anapowasimamisha njiani, magunia yamo garini, na cheti kimekwisha tangu mwezi uliopita. Hapo siku hupotea, na fedha pia, na pengine mvua huwapata na mahindi yao wazi.

Ukaguzi huu si jambo jipya. Sheria ya barabarani tunayoitumia Kenya, yaani Sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953 ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1954. Kwa miaka mingi kazi ya kupima magari ilikuwa mikononi mwa polisi, na watu wa zamani watakumbuka safari za Likoni Road, Nairobi. Kisha sheria ya mwaka 2012 ikaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ambayo kila mtu huiita NTSA, na kazi hiyo ikahamia huko. Wala si sisi peke yetu tunaofanya hivi. Uingereza walianza upimaji wao wa kila mwaka mwaka 1960, kwanza kwa magari yaliyopita miaka 10 tu. Lakini ilipofika mwaka 1967 hata gari la miaka 3 lilikuwa linaitwa kupimwa.

Katika afisi yetu swali huja mara kwa mara: “Mimi sibebi abiria, wala sibebi mizigo ya watu kwa malipo. Nabeba mahindi yangu mwenyewe. Kwa nini gari langu lihesabiwe kuwa la biashara?” Jibu ni kwamba sheria hutazama gari lilivyoundwa. Pikapu na lori vimeundwa kubeba mizigo, basi ni magari ya biashara hata kama mzigo ni wa mwenyewe, na ukaguzi wake ni wa kila mwaka sawa na matatu na basi. Tena sheria yasema kwamba gari lo lote lililopita miaka 4 tangu kuundwa kwake liko chini ya ukaguzi. Kwa hiyo mwenye gari dogo la nyumbani asicheke sana. Mwaka 2025 Serikali ilitoa mbele ya wananchi rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi, na magari ya watu binafsi yalitajwa humo.

Sasa tuje kwenye wakati, maana hapa ndipo wakulima wanapopoteza zaidi. Cheti hudumu mwaka mmoja. Ukilipima gari mwezi Oktoba mwaka huu, litadai kupimwa tena Oktoba ijayo, nawe wajua Oktoba ni mwezi gani huku kwetu. Mahindi yanaanza kuvunwa, na kazi ya kubeba haipungui mpaka Desemba au Januari. Februari na Machi gari linabeba mbolea na mbegu. Basi nafasi nzuri ni Julai na Agosti, mahindi yakiwa yamesimama shambani na gari halina kazi kubwa. Kama cheti chako kwa sasa huisha Oktoba au Novemba, usingoje kiishe. Peleka gari Agosti, upate cheti kipya, na tangu hapo tarehe yako itakuwa imehama. Utapoteza miezi miwili au mitatu ya cheti cha zamani, ni kweli, lakini linganisha hasara hiyo na gari kulala siku nne wakati wa mavuno huku unalipa lori la mtu mwingine.

Njia ya kuomba ni hii. Siku hizi hakuna kupanga foleni tangu alfajiri na karatasi mkononi. Maombi hufanywa kwa mtandao wa Serikali uitwao eCitizen, katika sehemu ya NTSA. Unaingia kwa jina lako, unachagua gari lako, kisha ukaguzi, kisha kituo na siku. Sisi wa upande huu hatuna haja ya kwenda Nairobi. Magharibi kuna vituo kama Kitale, Eldoret, Kakamega na Kisumu. Ada utaonyeshwa hapo hapo, na utailipa kwa njia itakayoonyeshwa katika ukurasa huo. Usiweke fedha mkononi mwa mtu. Asiye na simu ya kufaa, au asiyezoea mambo haya, na aende Huduma Centre, iwe ya Kitale au ya Bungoma, aombe kusaidiwa. Au amtume mwanawe aliyesoma, lakini mwenyewe akae karibu aone nambari ya gari imeandikwa sawasawa. Siku ya ukaguzi chukua karatasi ya miadi, kitambulisho, nakala ya kitabu cha gari, yaani logibuku, na cheti cha bima. Lori kubwa litaulizwa pia cheti cha kidhibiti mwendo. Kanuni hiyo ilitangazwa Oktoba 2003, John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ikaanza kutumika Februari 2004. Nayo inayashika magari ya biashara yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 yakiwa matupu, yasipite kilomita 80 kwa saa.

Mkaguzi hutangulia kutazama nambari. Atataka nambari ya chasisi na ya injini zilingane na zilizo katika logibuku. Hapa wengi hukwama. Injini ya kwanza ilikufa, fundi akaleta nyingine ya mtumba, gari likaenda vizuri, na hakuna aliyekumbuka kuiandikisha. Vivyo hivyo kwa aliyepaka gari rangi nyingine, au aliyechomelea bodi mpya juu ya pikapu. Mabadiliko ya namna hii yaandikishwe kwanza, ndipo uombe siku ya ukaguzi. Tena osha gari chini kabisa. Udongo mwekundu wa Kitale ukikauka juu ya chasisi ni kama saruji, na mkaguzi hana kazi ya kuukwangua ili asome nambari yako.

Kuosha huko kuna faida nyingine. Mbolea za chumvichumvi kama DAP na CAN hula chuma. Gunia likipasuka garini, mbolea huingia katika mianya, hunyonya unyevu, na kutu huanza pale usipopaona: chini ya bodi, kwenye mikono ya springi, kwenye bomba za breki. Pikapu ya shamba huoza haraka kuliko gari la mjini kwa sababu hii. Kila baada ya kubeba mbolea mwaga maji ya kutosha, juu na chini.

Sasa breki. Kutoka Kitale, mji ulio juu kiasi cha mita 1,900, mpaka Bungoma ulio kiasi cha mita 1,400, mzigo wako hushuka karibu mita 500. Njiani kuna mteremko wa daraja la Kamukuywa, ambako ajali nyingi zimekwisha kutokea, na kila dereva wa njia hiyo anapajua. Uzito wote huo unaoshuka huzuiwa na vipande vichache vya breki, na kuzuia huko huleta joto. Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Dereva akishuka huku amekanyaga breki wakati wote, vyuma hushika moto, joto hufika katika mafuta, na yale maji hugeuka mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea. Basi mguu hushuka hadi sakafuni na gari haliskii. Watu husema, “Breki zilikatika ghafula.” Hazikukatika ghafula, zilikuwa zikiharibika kwa miaka miwili au mitatu, na chupa moja ya mafuta mapya ingaliziponya. Mwambie fundi ayabadilishe yote kila miaka 2, asiongeze tu juu ya yale ya zamani.

Nyumbani waweza kujaribu hivi. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu, hesabu polepole mpaka 30. Pedali ikizama chini ya mguu, mahali fulani panavuja. Breki ya mkono ijaribu penye kilima kidogo, gari likiwa tupu na mtu amesimama tayari na jiwe nyuma ya gurudumu. Gari likivutia upande mmoja unapofunga breki, usimfuate mkaguzi, mfuate fundi.

Kumbuka pia kwamba katika kituo gari hupimwa likiwa tupu, breki zikiwa baridi, mahali tambarare. Cheti chaonyesha hali ya gari siku ile. Hakijui umepakia nini. Tufanye hesabu ya darasani: pikapu ya tani moja hubeba magunia 11 ya kilo 90, maana 11 mara 90 ni kilo 990. Nami nimeona pikapu za namna hiyo zikitoka shambani na magunia 20, yaani kilo 1,800, na vijana wanne wamekaa juu. Gari lile lile lililopita ukaguzi wiki iliyotangulia sasa lina karibu mara mbili ya mzigo wake. Likienda kilomita 80 kwa saa, linapita mita 22 kwa kila sekunde moja, na dereva aliyeona mtoto barabarani hutumia kama sekunde nzima kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Hata kwa mzigo wa haki, mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kushika breki huwa mara nne. Shuka mteremko kwa gia ile ambayo ungeupandia. Na vijana wale wapande matatu.

Vitu vingine vya kutazama kabla ya siku ni vyepesi. Mweke mtoto nyuma ya gari, wewe washa taa moja moja, naye aseme kwa sauti anachokiona: taa ya nyuma, ya breki, indiketa, ya kurudi nyuma. Tazama matairi upande wa ndani pia, si upande wa nje tu, kwa sababu ndani ndiko yanakolika bila kuonekana. Waipa, vioo vya pembeni, honi, mikanda ya viti, zile pembetatu mbili nyekundu za kuonya, na alama za kung'aa nyuma ya lori. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, uyashike juu na chini, utikise; yakicheza, maungio ya usukani yamelegea. Moshi mweusi nao ni kosa, na mara nyingi dawa yake ni kusafisha chujio la hewa lililojaa vumbi.

Kuna desturi moja mbaya ambayo ni lazima niitaje. Watu huazima matairi mazuri, huazima hata pembetatu, gari likapita, jioni vyote vikarudi kwa wenyewe na yale matairi yaliyokwisha yakarudishwa mahali pake. Na wapo madalali wanaoahidi cheti bila gari kufika kituoni. Wote hao wanauza kitu kimoja, nacho ni karatasi. Ukipata cheti cha namna hiyo umevunja sheria, na gari lako ni lile lile la jana.

Gari likikataliwa, usigombane na mkaguzi. Chukua orodha ya makosa aliyoyaona, mpe fundi, tengeneza, urudi. Ndiyo maana nilisema Agosti: una wiki kadhaa za kutafuta vipuri kabla ya mavuno. Wakati huo usilipakie gari mzigo kwa sababu tu karatasi ya zamani bado ina siku mbili. Polisi wana haki ya kuzuia gari bovu lisiendelee na safari, cheti kiwepo kisiwepo.

Wenye matrekta ya miwa na wakumbuke kwamba tela lina nambari yake lenyewe, na mara nyingi ndilo halina taa hata moja. Tela lisilo na taa wala alama ya kung'aa, likiwa limesimama usiku kati ya Kanduyi na Webuye, halionekani mpaka mtu amelifikia.

Likipita, bandika stika kwenye kioo cha mbele mahali pasipomzuia dereva kuona, weka cheti garini, na nakala nyumbani. Kisha andika katika daftari lako la shamba tarehe mbili, ya kwisha kwa cheti na ya kwisha kwa bima, kwa sababu ni nadra ziangukie siku moja.